Begi la Anayerudi Kesho

Tangu nirudi Mbinga na stashahada yangu ya utalii, hakuna anayefungasha begi jepesi kunishinda. Nilijisomesha mwenyewe, na wageni ninaowashusha kwa miguu hadi Ziwa Nyasa huniachia mabegi yao niyapunguze. Leo asubuhi nimetoa blanketi kwenye begi la mgeni mmoja. Lilinukia moshi wa kuni, nikalinusa tena.

Nilipokuwa mtoto, blanketi kama hilo mama alilitoa kwenye mfuko wangu, jikoni kwetu mlimani. Nililalamika, maana kwetu hakuna mtoto anayelala bila blanketi.

"Ziwani ni joto," alisema. "Halafu anayerudi kesho anabeba blanketi la nini?"

Akaniachia shati moja na mahindi ya kuchoma. Niliteremka milima nikirukaruka, yeye akija taratibu nyuma yangu.

Ufukweni tulimkuta mama mdogo, aliyeolewa huko, akianika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya mchanga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Mmatengo wangu wa milimani! Leo utaoga, au bado unaogopa maji?"

Wote tulicheka, hata mama. Nikakimbilia majini kuwaonyesha kwamba siogopi. Nilipotoka, mama hakuwepo.

"Atakuja kunichukua kesho," nilimwambia mama mdogo.

"Ndiyo, baba," alinijibu bila kunitazama. Akanifuta maji kwa khanga yake, akanishika mkono, akaniingiza ndani. Kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa, na blanketi jipya juu yake.