Bosi aliyenivunjia ndoa sasa yumo ndani ya utafiti wangu

Assalaam alaykum nyote. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu mji wetu ni mdogo na milango imekaribiana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mama wa binti mmoja. Ninaishi kwa mamangu tangu nilipoachwa. Ninamalizia shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu, na watu husema ni masomo haya yaliyoniachisha. Si masomo. Ni mtu.

Nilikuwa karani wa idara ya wafanyakazi katika kampuni moja ya mizigo. Mkuu wa idara ni mtu mzima, ana mke na watoto, jumba lake liko Kizingo, na siku ya Ijumaa humkosi safu ya mbele msikitini. Nilipoanza masomo ya jioni nilimwendea kuomba ruhusa ya kutoka mapema kila Jumatano. Akainuka, akafunga mlango.

"Ruhusa ipo," akaniambia. "Lakini bibi, dunia ni nipe nikupe."

Nilimjibu kwamba mimi ni mke wa mtu na yeye ni mume wa mtu. Akacheka. "Haya. Tutaona hiyo shahada utaipatia wapi."

Wiki haikwisha nikahamishiwa bohari ya kampuni, upande wa Kibarani, kuhesabu magunia. Nilivumilia. Nilikuwa naingia darasani buibui limejaa vumbi la saruji, na wenzangu wananipisha nikae. Alipoona sijaacha, akampigia simu mume wangu, ambaye ana duka la leso Biashara Street. Akamwambia, "Jumatano mkeo hana darasa. Mwulize huwa wapi, na nani."

Mume wangu hakuniuliza. Alinifuata. Siku hiyo mwalimu alikuwa amesafiri, na kundi letu tulikuwa tumekaa mkahawani tukifanya kazi tuliyopewa, wanaume wawili na mimi, kwani mwenzetu wa kike alikuwa amekwenda kuswali. Alitukuta hivyo, chai mezani, tunacheka. Nililia, niliapa, wenzangu walimweleza. Akasema, "Hata bosi wako amenithibitishia." Alinitolea talaka mbele ya mamangu, na binti yangu yuko mlangoni anasikia.

Sikwambii maneno niliyoyasikia mitaani. Harusini nilikuwa nikikaa, wanawake wanasogea mbali nami. Lakini sikuacha shule. Kila nilipochoka nilimkumbuka yule mzee anavyocheka, nikafungua kitabu.

Mungu si Athumani. Ulipofika wakati wa utafiti, wenye kampuni walikuwa wamechoka kuona wanawake wanaacha kazi ovyo, nikawaomba idhini nichunguze sababu. Wakanikubalia, na wakataka niwasomee majibu mwenyewe. Nikawahoji walioondoka, nikawahoji waliobaki, nikawaahidi wote kuficha majina yao. Jamani! Kila mlango niliobisha nilimkuta yeye. Nipe nikupe, nipe nikupe. Wengine walikataa wakasumbuliwa mpaka wakatoka.

Waliobaki kazini walinieleza ya wengine tu, ila mmoja aliyesema yake mwenyewe, naye hakuweza kukataa. Nitamwita Mwanasha. Alikuwa jikoni akipika chai ya ofisi, akapandishwa ghafla kuwa mapokezi. Aliniambia kilichompata, na mpaka leo yuko pale, anamfungulia yule mzee mlango kila asubuhi.

Habari za utafiti zilimfikia mkuu wa idara. Akaja nyumbani kwetu baada ya alasiri, na sahani ya haluwa mkononi. Mtu aliyekuwa akiniita "wewe" akaniita "dada yangu".

"Umeandika nini humo?" akauliza.

"Utasikia pamoja na wenzako."

Jasho lilimtoka nikaliona, na wallahi nilifurahi. Akaniambia niondoe habari zake, naye atakwenda dukani kwa mtalaka wangu kukiri kwamba alisema uongo. Nikamwambia, "Nenda kwanza."

Akaenda kweli. Jioni ile ile mtalaka wangu alinipigia, analia, anaomba tuzungumze. Nilimwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe, kisha nikakata simu. Sasa jina langu limesafishika. Na katika utafiti wangu sikuondoa hata neno moja, wala sina nia. Aliniahidi mbele ya mamangu, nami nilisema "nenda kwanza" tu, sikusema nitafanya nini. Nataka aaibike. Nataka mkewe ajue, na wale wa safu ya mbele wajue.

Tatizo ni Mwanasha. Amesikia kwamba Jumatatu nitasimama mbele ya wakurugenzi, na jana alikuja, akakaa chini kwenye mkeka, akakataa hata maji. Sikumtaja jina, lakini aliyetoka jikoni akaenda mapokezi ni yeye peke yake, kila mtu atamjua. Nikiondoa maneno yake, wanaobaki ni wale waliokwisha kutoka, na wakubwa watasema hizo ni chuki za watu walioacha kazi. Yule mzee atapona.

Nilimwambia, "Mwanasha, huyu mtu ametuua sote. Kesho atamshika mwingine."

Akaniangalia. "Kisasi ni chako, dada. Lakini nyumba itakayovunjika ni yangu. Wewe unajua kuachwa kulivyo."

Akavaa viatu, akaondoka. Tangu hapo sijala vizuri. Nimemngoja yule mzee miaka, na sasa shingo yake imo mkononi mwangu. Mnisaidie kwa rai zenu, hasa nyinyi mliowahi kudhulumiwa mkanyamaza: Jumatatu niyasome maneno ya Mwanasha, au nimwachie yule mzee aende zake?