Macho ya Baba

Fundi alikuwa na miaka arobaini na miwili mshono ulipomponyoka. Kola ya sare ya shule ilikwenda upande, na msimamizi wa karakana akaiinua mbele ya wenzake.

"Mama, leo umeshona umefumba macho?"

Wakacheka. Naye akacheka. Baba yake, fundi cherehani pia, alianza hivyo hivyo: kugonga miimo ya milango, kupapasa kikombe mezani. Kabla ya hamsini alikuwa kipofu, na cherehani ikauzwa.

Fundi alikuwa na pacha wa kike. Mwaka ule shangazi yao, nesi, alichukua mmoja wao akamlee. Alimchukua aliyekuwa na homa, kwa kuwa kwake hospitali ilikuwa karibu. Fundi alibaki kumshika baba mkono, na shule ikaishia njiani. Yule wa homa sasa alikuwa mchora ramani za majengo, na mshahara wake wa mwezi ulipita wa fundi wa mwaka mzima.

Miezi mitatu fundi alificha. Alimwomba jirani wa mashine ya pili amtungie uzi, akisingizia mikono. Kila asubuhi alifumba jicho la kulia akaitazama kalenda. Kila wiki sehemu yake nyingine ilimezwa na ukungu.

Pacha wake alipokuja kumtembelea, fundi alimimina chai nje ya kikombe.

"Tangu lini?" pacha akauliza.

"Mkono umeteleza tu."

"Usinifiche, dada." Alitoa kichupa mkobani. "Hata mimi yalinianza. Ni presha ya macho, imo kwenye damu yetu. Shangazi alinipeleka kupimwa kila mwaka, ikagunduliwa mapema. Natia matone mpaka leo."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani na wewe unapimwa."

"Na nani?"

Kesho yake pacha alimpeleka kwa daktari. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, halirudi. La kulia lingeshikiliwa kwa dawa, mradi asiikose hata siku moja.

Karakanani wakamhamishia kukunja nguo, kwa ujira mdogo zaidi. Hilo alilimeza. Lililomnyima raha ni binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye siku hizi alisoma kitabu amekigandisha puani.

Yeye na pacha wakaenda naye kwa daktari. Binti akaweka kidevu kwenye mashine, fundi akashika ukingo wa benchi.

"Sioni dalili kwa sasa," daktari akasema. "Anahitaji miwani ya kusomea tu. Mleteni kila mwaka."

"Kila mwaka mpaka lini?"

"Maisha yake yote, mama."

Fundi aliomba waandikiwe tarehe ya mwaka ujao palepale.