Sahihi Mbili za Nusunusu

Wenzake walimwita Nusunusu, kwa kuwa alisoma siasa nusu na uchumi nusu, na kila idara ilimwona kama mgeni aliyepita kula akaondoka. Jina hakulipenda. Alilizoea tu, kama kiatu kinachobana.

Chanzo cha yote kilikuwa ufunguo wa chuma, mrefu kama mpini wa jembe, aliokuwa nao baba yake, fundi bomba wa halmashauri. Kila asubuhi mzee aliuzamisha kwenye shimo la barabarani, akafungulia maji mtaa wa juu. Mtaa wa chini, walikoishi wao wenyewe, aliufungulia Jumanne na Ijumaa. Binti alipofika miaka tisa akauliza sababu. Baba akamjibu kwamba yeye anafuata karatasi ya ofisini; mengine awaulize waliosoma.

Basi akaenda kwa waliosoma.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho, na tasnifu yake ilikuwa na kurasa tisini. Sura ya tatu ilieleza nani anaandika ile karatasi, na anaishi mtaa gani. Sura ya nne ilikuwa majedwali: dumu la maji ya mkokoteni linavyopanda bei siku bomba likifungwa. Ili aingie kwenye orodha ya mahafali, fomu yake ilihitaji sahihi mbili kabla ya saa kumi alasiri, Ijumaa hiyo.

Mwalimu wa uchumi, mama mmoja mpole wa sauti aliyeitwa Daktari kwa shahada yake, alisema sura ya tatu ni umbea, kisichopimika hakiandikwi. Ikitolewa, atatia sahihi. Mwalimu wa siasa, Profesa wa mlango wa pili, alisema sura ya tatu ndiyo roho ya kazi, ila ile ya nne ni hesabu za dukani. Ikitolewa, naye atatia sahihi. Kati ya milango hiyo kulikuwa na hatua sita. Mmoja alifundisha jinsi watu wanavyogawana madaraka, mwingine jinsi wanavyopatana kwa faida ya wote, na hawakuwa wamesalimiana tangu kabati la faili liliposogezwa upande wa mmoja wao.

Nusunusu alikuwa akizipiga hatua hizo sita, kwenda na kurudi, tangu asubuhi. Alipojaribu kuiwaza kazi bila sura zote mbili, aliona kinachobaki ni utangulizi na shukrani, na shukrani zenyewe ziliwashukuru wao. Hapo damu ikamchemka. Saa tisa na nusu aligonga milango yote miwili, mmoja kwa ngumi, mwingine kwa kisigino. Wakatoka.

"Mtaa wa chini unapata maji siku mbili kwa wiki," alisema. "Daktari, nieleze sababu bila kumtaja aliyeamua. Nawe Profesa, nieleze bila kusema nani anaumia na kwa kiasi gani."

Mama akavua miwani, akaifuta. Profesa akalitazama kabati.

"Inategemea," alisema Daktari.

"Kwa kweli, inategemea," alisema Profesa.

Yalikuwa maafikiano yao ya kwanza baada ya miaka mingi, na yaliwanogea. Dakika kumi hazikuisha wakawa wamekubaliana kwamba suala ni zito na linataka kamati ya pamoja, uenyekiti kwa zamu. Kamati itakaa mwezi mmoja baada ya mahafali, na sahihi zitaisubiri. Wakamshukuru kwa kuwakutanisha.

Karani wa dirishani aliipiga fomu muhuri wa HAIJAKAMILIKA bila kuinua macho.

Nyumbani, koti la baba la mahafali lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ufunguo wake ukiwa umeegemea ukuta.

"Ungeitoa tu hiyo ya tatu, mwanangu. Ina nini humo?"

"Umo wewe, baba."

Mzee akaliondoa koti kwenye msumari, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya wiki ijayo, ile ya zamu za maji, akamwekea mezani.

"Hii ina sahihi moja tu," alisema. "Na haijawahi kurudishwa."