Nyasi Juu ya Meza ya Karani

Wanawake wa kanisa letu wameniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu namna ya kuwasaidia wakimbizi. Wameniomba mimi kwa sababu nilisoma chuo kikuu, na kwa sababu, tofauti na wao, sina kazi nyingi. Wao wameshakusanya blanketi na maharagwe. Kilichobaki ni maneno. Nimeandika: mpe mtu maji kabla ya maswali. Muulize jina lake kabla ya karatasi zake. Sema naye kwa lugha anayoielewa. Nilizisoma sentensi hizo mara mbili nikaziona nzuri sana. Kisha aibu ikanishika, maana zote nilijifunza kwa kufanya kinyume chake, miaka ya 1930, katika ofisi ya shamba la chai upande wa Kericho.

Nilikuwa karani wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa na viatu vyeusi, kalamu mfukoni, na Kiswahili cha misheni nilichokitumia hata kwa mbwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa orodha ya laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi: nani analala nyumba gani. Asiyekuwa kwenye orodha hakuruhusiwa kulala shambani. Niliipenda orodha ile kama baba yangu alivyopenda ng'ombe wake, na kwa sababu zile zile.

Yule mama alifika saa tisa mchana, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya kama yanavyofanya huko karibu kila siku. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilimjua kuwa ni Mkipsigis kama mimi kwa jinsi alivyosimama mlangoni akingoja asalimiwe kwanza. Sikumsalimu. Akaanza mwenyewe, kwa lugha yetu, taratibu. Yeye na mume wake walikuwa wakikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Londiani, wakilima na kuchunga kwa ruhusa. Ruhusa ikafutwa. Nyumba yao ikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, mume akabisha, akafungwa. Kwao kwa zamani palishakuwa shamba la mtu mwingine. Ametembea siku mbili.

Alipomaliza alininyooshea mkono wa kulia. Ndani ya ngumi alikuwa na nyasi.

Kwetu, mtu anayekunyooshea nyasi ameomba salama, na ukishaziona huna ruhusa ya kumgusa wala kumfukuza. Hata adui vitani. Mimi mwenyewe ziliwahi kuniokoa. Nilikuwa na miaka kama saba, nikawaachia ndama wakanyonya maziwa yote ya jioni. Baba alinikimbiza na fimbo mpaka nikaanguka. Nikang'oa nyasi nikaziinua juu ya kichwa. Fimbo ilibaki hewani. Baba alitema mate kando, akaenda zake, na kosa lile halikutajwa tena.

Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya ujinga.

Nyasi zake zilikuwa zimenyauka. Ndani ya shamba la chai hakuna nyasi. Tulikuwa na watu wa kuzing'oa kati ya miche kutwa nzima. Lazima alizichuma mbali, kabla ya kuingia kwetu, akazishika njia yote.

Makarani wenzangu wawili walikuwa wanatazama. Mmoja alikuwa wa Kisii, mwingine Mjaluo wa ziwani. Hawakujua maana ya zile nyasi, na mimi sikutaka wajue kwamba mimi naijua. Nikamjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo aliisikia kidogo tu:

"Mama, hii ni ofisi, si malisho. Cheti kiko wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga wino. Siku hizi watu hunisifu kwamba maandishi yangu yana mzaha mkavu. Ule ndio uliokuwa wa kwanza kupokelewa vizuri.

"Sikuomba cheti," akasema kwa lugha yetu. "Naomba mahali pa kumlaza huyu mpaka baba yake atoke. Kuchuma nitachuma. Wewe huzijui hizi?"

"Hapa tunajua karatasi," nikasema, bado kwa Kiswahili.

Aliziweka nyasi kwenye kona ya meza yangu, bila kuzitupa, akatoka. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati. Nilizipangusa nyasi kwa kiwiko, kama makombo, kwa sababu zilikuwa zimegusa orodha.

Asubuhi nyapara alipita kukagua laini, mimi nyuma yake nikisoma.

"Nyumba ya kumi na moja. Watu wawili."

"Mimi naona watatu na mtoto," nyapara akasema.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mmoja Mjaluo, mchumaji hodari, ambaye mume wake alifanya kazi kiwandani. Alikuwa amemwona mgeni amejibanza chini ya ukingo wa paa, mtoto kifuani, akamwita kwa mkono. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja. Sasa walikuwa wamekaa jikoni wakinywa uji kwenye kibuyu kimoja.

"Huyu ni nani?" nyapara akauliza.

"Dada yangu. Amekuja jana. Andika achume na mimi, angalia mikono yake ni mizuri."

"Mbona hasemi?"

"Jino linamuuma. Wewe ungeumwa jino, bwana nyapara, shamba lote lingepumzika."

Majirani wakacheka, na nyapara pia akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Wachumaji walikuwa wachache mwezi ule, na alichotaka ni mtu mwingine abebe neno hilo badala yake. Akanigeukia.

"Karani, wewe ndiye unajua watu. Huyu ni wa ziwani kweli?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Ilitakiwa niitikie kwa kichwa tu, niongeze mstari mmoja chini ya nyumba ya kumi na moja, na yule mama angekuwa na mahali pa kumngojea mume wake. Alinitazama. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu.

"Hapana," nikasema. "Huyu ni wa kwetu."

"Basi kama ni wa kwenu," nyapara akasema, "aende kwenu."

Mama Mjaluo aliweka kibuyu chini. "Wa kwenu? Sasa karani, kama ni wa kwenu, mbona alilala kwangu?"

Hakuna aliyecheka.

Mgeni alitolewa kabla ya kengele ya kazi. Mama Mjaluo alimfunga mtoto kwa blanketi lake mwenyewe na kumsindikiza hadi mpaka wa shamba, akakosa nusu siku ya kuchuma. Niliwaona kutoka dirishani wakienda kati ya michai, kila mmoja akisema kwa lugha yake, na wala hawakuonekana kuhitaji mkalimani.

Jumapili nilisikia yule mgeni ameonekana huko Kapsoit. Nilinunua sukari, nikaifunga kwenye karatasi, nikaanza safari. Nusu ya njia mvua ikanyesha, na nikakumbuka viatu vyangu. Nikarudi. Sukari ile niliinywa wiki nzima kwenye chai yangu. Yule mama sikumwona tena, wala sijui kama mume wake alimpata.

Mama Mjaluo hakunigombeza kamwe. Kila asubuhi alipopita ofisini, kikapu mgongoni, aliniuliza tu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Habari ya kwenu, karani?" Nilijibu nzuri. Ilikuwa salamu ya kawaida, na niliomba uhamisho kabla mwaka haujaisha.

Basi ukurasa wa kanisa umekamilika, na nadhani ni mzuri. Chini yake wanawake wameacha nafasi kwa ajili ya majina ya watakaopokea familia moja moja nyumbani mwao, kuanzia wiki ijayo. Watoto wetu wameondoka. Tuna vyumba viwili ambavyo sasa hivi vinahifadhi vitabu vyangu.

Mke wangu amepita sasa hivi akausoma juu ya bega langu.

"Umeandika vizuri," akasema. "Na huku chini?"

Nikamwambia wino umeisha.

Alikwenda chumbani, nikamsikia akifungua makabati, na akarudi akaniwekea penseli kwenye kona ya meza. Kisha akaanza kutoa vitabu, bila kuniuliza aviweke wapi.