Siku Nilipompoteza Mama Mkwe Barabara ya Pugu

Leo nacheka kwa sababu nyie mnacheka, lakini siku yenyewe nilitamani ardhi ya Kinondoni inimeze mie na gari langu, maana simjui mwanamume mwingine aliyewahi kumpoteza mama mkwe wake njiani, mchana kweupe, ilhali alimkalisha ubavuni mwake.

Gari lenyewe mnalikumbuka. Mzungu mmoja wa ofisini kwetu (nilikuwa karani wa kampuni ya katani pale mjini) alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja, na gari lake la mbio, jekundu, la wazi, lenye viti viwili tu, lilikosa mnunuzi, basi akaniachia kwa bei ya pikipiki kuukuu. Watu wa Temeke wakalibatiza Kiatu, maana lilikuwa chini sana, hulipandi bali unalivaa. Nilikwenda nalo kazini kila siku, sokoni nalo, msikitini nalo, nikapakia hata gunia la mkaa kwenye kile kiti cha pili, na mbuzi wa mtaani walikuwa wananitazama macho kwa macho. Kwenye mchanga wa Temeke lilikwama kila asubuhi na majirani walilisukuma huku wakinisema, lakini likishakanyaga lami, jamani, lilikuwa linakwenda mpaka machozi yanakutoka. Nilivimba kichwa, sifichi.

Sasa bibi yake mke wangu akafariki kule Kinondoni. Mke wangu Mwanaidi alikuwa ameshatangulia msibani, wanaume walikuwa wanachimba kaburi, maziko yamepangwa baada ya sala ya alasiri, na mtu mmoja tu alikuwa hajafika: binti wa marehemu, yaani mama mkwe wangu, ambaye alikuwa nyumbani kwake Pugu. Mzee mmoja akasema lipo lori la kuni la jirani, liende likamchukue. Ndipo mdomo wangu ukaniponza. Nikasema, "Lori la nini, mzee, na gari ninalo? Kabla hamjamaliza kumkosha marehemu nitakuwa nimeshamfikisha."

Baba mkwe, Mzee Kondo, ambaye habari ya msiba ilimkuta mjini, akanitazama kidogo. "Una hakika, Abdallah?"

"Nina hakika, baba."

Nilikwisha fika nusu ya safari ndipo akili ikanirudia. Viti viwili. Nyie si wageni wa mambo haya: kwetu Wazaramo, tena familia ile ya kizamani, mama mkwe humtazami usoni, humtaji jina wala yeye hakutaji, na ukiwa na neno unampa mtu wa tatu alipeleke. Mke wangu ndiye alikuwa mjumbe wetu siku zote, na katika gari lile mtu wa tatu angekaa wapi, juu ya usukani? Jasho likaanza kunitoka na upepo wote ule.

Nilipofika Pugu mama mkwe alikuwa ameshapata habari na macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliliona gari, akaona na viti, akaingia ndani. Akatoka na kikapu na mkeka uliokunjwa, mrefu, akaketi, akausimamisha katikati yetu kama ukuta, akajifunika kanga gubigubi na kugeukia kando. Moyoni nikasema alhamdulillahi, mwanamke huyu ana akili. Nikakaza macho mbele na kuapa sitageuka kushoto hata nyuki anitue sikioni.

Nilikwenda mwendo wa heshima mwanzoni, lakini jua nalo lilikuwa linakwenda, nikakanyaga mafuta. Hapo nikasikia kikohozi upande wa pili wa mkeka. Nikadhani vumbi. Kikaja cha pili, kikali zaidi. Nikafikiri anataka tuwahi, maskini, uchungu wa mama yake, nikaongeza mwendo. (Kumbe upepo ulikuwa umempokonya kanga ya kichwani, na atafikaje msibani kwa mama yake kichwa wazi? Lakini kuniambia "simama" hawezi, ni mwiko, basi anakohoa.) Tulipofika pale barabara inapokatana na reli tukakuta gari moshi la mizigo linapita, mabehewa hayaishi, makelele tupu. Nikasimama, macho mbele. Behewa la mwisho likapita, nikaondoka. Mkeka ulikuwa umesimama pale pale, nauona kwa pembe ya jicho, na vikohozi vimekwisha, nikajipongeza kwamba mama wa watu ametulia.

Nikaingia Kinondoni kwa mvumo. Wanawake wakainuka ukumbini kumpokea mfiwa, vilio vikapanda, mke wangu mbele amenyoosha mikono. Kisha vilio vikakatika vyote kwa pamoja. Mie bado nimetazama mbele, nimejaa heshima.

Mzee Kondo akasogea. "Mama yako yuko wapi?"

Ndipo nikageuka kushoto kwa mara ya kwanza tangu Pugu. Mkeka umeegemezwa mahali pake, kikapu chini yake, na mtu hayupo. Nilishika kile kiti kwa mkono, eti nihakikishe.

"Alikuwamo," nikasema.

"Alikuwamo wapi?"

"Humu. Mie sikumtazama, baba."

Mwanamke mmoja akapiga ukelele kwamba ameanguka garini, na hapo msiba ukawa misiba miwili. Mwanaidi alinishika kola ya shati mbele za watu. "Abdallah, umemuua mama yangu," akasema, wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mzee mwingine akauliza sasa jeneza wafanye nini, sala imeshasaliwa msikitini na watu wanasubiri kubeba. Nikaelewa nilichofanya: hata kama mama yule yu hai, atakuta mama yake ameshafukiwa.

Aliyeniokoa ni mtani. Mzee Masanja, Mnyamwezi, jirani wa marehemu, alikuja akajilaza chali kwenye kizingiti cha mlango, akajifunika gunia. "Maiti haitoki," akasema. "Mnizike mimi kwanza. Wazaramo mmeanza kudondosha wakwe njiani kama viazi vya kwenye mkokoteni, hata marehemu mtampoteza." Mnajua mtani akizuia jeneza msibani hakuna wa kumwondoa kwa nguvu. Wazee wakaanza kumbembeleza, naye akawa anakoroma. Akafumbua jicho moja akanitazama. "We mwenye kiatu, bado umesimama?"

Niliruka ndani. Siku ile ndipo nilipojua gari lile lilitengenezwa kwa kazi gani. Mkeka niliutupa kule kule. Nilitazama kila mtaro, kila kichaka, nikimwomba Mungu nisione kanga barabarani.

Nilimkuta kaivuka reli, anatembea peke yake, kanga yake kichwani, ile aliyoshuka kuifuata wakati wa makelele ya gari moshi nami nisisikie, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Nikashuka, nikachuchumaa, macho chini, nikaanza kuongea na taa ya gari kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine: "We gari, mwambie mama nimekosa. Mwambie naomba apande."

Akaviweka viatu chini. Halafu naye akaliambia gari, sauti inatetemeka: "Gari, muulize bwana wako, wameshamzika?" Nikaigeukia tena taa nimpe jibu, naye hakusubiri. Akaacha kusema na gari. Akanijia mbele, akainama mpaka nikamwona uso, uso nisiowahi kuuona sawasawa tangu nioe binti yake. "Wamemzika mama yangu?"

"Bado, mama."

"Basi kimbiza. Na unitazame, ujue nimo."

Ukuta hatukuwa nao tena. Bega kwa bega, na kwenye kona ya kwanza akanishika mkono, akaukumbatia, hakuuachia mpaka mwisho. Na hivyo ndivyo tulivyotokea mbele ya msiba mzima: mie na mama mkwe wangu tumeshikana, tumejaa vumbi jekundu, nywele zimetusimama. Wazee wakageuza nyuso ukutani. Bi mmoja alikaa chini kwa mshituko. Mzee Masanja akainuka kizingitini, akajifuta mgongo, akasema, "Haya, kaonekana. Piteni na maiti yenu, mie njaa inaniuma."

Mama mkwe akaingia ndani. Tukamsikia akilia, kilio kirefu cha mtu aliyewahi. Alipotoka, kabla jeneza halijainuliwa, akasimama mlangoni mbele ya mume wake, mbele ya wazee wote, akasema, "Mpeni Abdallah maji. Amekula vumbi la kutosha."

Jina langu, kinywani mwa mkwe wangu, hadharani. Nawaambia, hata kupotea kwake hakukunyamazisha watu kama hilo. Mzee Kondo mwenyewe ndiye aliyeniletea kata, na niliinywa nimeinamisha kichwa, maji mengi yakiishia kifuani.

Kiatu nilikiuza mwezi ule ule, nikanunua baiskeli. Na nimeapa, nyie mashahidi, sitampakia tena chomboni mwangu mtu nisiyeruhusiwa kumtazama.