Mjomba Hayupo Kwenye Picha

Jamani, leo nusura niiue kazi ya kwanza ya mume wangu!

Mnajua kipenzi changu amepiga picha za sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, mara yake ya kwanza kulipwa. Leo mama wa binti amekuja nyumbani kuziona.

Akazifungua moja moja.

Mume wangu jasho linamtoka. (Hata akitoka jasho ni mzuri, niacheni.)

"Picha nzuri, mwanangu. Baba wa binti umempiga mpaka anatafuna. Mjomba yuko wapi?"

Mume wangu ni Msukuma. Hakujua kwamba kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto.

"Sijampiga, mama. Nisamehe."

"Kaka yangu ameshuka kutoka Kinole mlimani na suti, halafu hayupo! Nitamwambia nini?" Akanigeukia. "Na wewe, Mluguru mzima, ulikuwa pale umeshika taa. Hukumwambia?"

Nikakosa pa kuficha uso.

"Nilikuwa namtazama yeye, mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kesho pandeni Kinole mkampige picha na mpwa wake. Shikamoo muitoe kwa magoti. Na wewe ushike taa, ila umtazame mjomba!"

Wenye wajomba, hebu niambieni: atatufungulia mlango?