Dimbwi la Kitalu

Jumapili ya kwanza ya mwezi Machi, mwaka jana, tulimzika binti yetu wa miaka minne hapa Goweko. Malaria ilimchukua kwa siku tatu, naye alikuwa akilala ndani ya chandarua chenye dawa tulichopewa kliniki.

Siku ya kuanua matanga nilimwambia mke wangu, "Hukumchomekea chandarua vizuri." Aliendelea kukunja nguo za mtoto. Tangu hapo tukawa tunaongea mambo ya shamba tu.

Mimi nalima tumbaku. Kitalu cha miche kiko bondeni, kando ya dimbwi la kumwagilia nililolichimba mwenyewe. Kila nikimaliza kupiga dawa ya wadudu, nilisuuza bomba palepale, maji nikayamwaga dimbwini. Wengi hufanya hivyo, ili mbuzi wasilambe dawa nyumbani. Nilijisifu hata, kwamba naua na viluwiluwi vya mbu.

Septemba, miche ikiwa imeshaota, walikuja watafiti wa malaria. Walichota viluwiluwi dimbwini kwa upawa, wakavilea hadi vikawa mbu. Baadaye wakatuita shuleni. Mbu wale walikuwa wamefungiwa saa nzima na karatasi yenye dawa ya vyandarua, kisha wakaachwa mpaka kesho yake. Wengi walikuwa wazima, wanaruka.

"Mtani, hawa umewalea vizuri kuliko mbuzi wako!" jirani yangu alisema. Watu wakacheka. Kisha mmoja akakumbuka msiba wangu, akamfinya jirani.

Mtafiti mmoja, dada mdogo tu, alieleza kwamba dawa ya tumbaku na ya chandarua zaweza kuwa za ukoo mmoja. Ikimwagwa kidogo kidogo majini, mbu dhaifu hufa, sugu hubaki wakazaana.

"Na binti yangu?" nikauliza.

"Baba, hilo siwezi kulijua. Ila msiache kulala kwenye vyandarua. Bado vinasaidia."

Nilimkuta mke wangu uani, anapeta mahindi. Nikamweleza yote, nikamaliza, "Nilikusingizia."

Ungo ukasimama. "Nilikichomeka," alisema. "Pande zote nne."

"Najua."

"Leo ndiyo unajua."

Alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akanitangulia bondeni. Nilimkumbusha kwamba miche ilibakiza wiki mbili kuhamishiwa shambani. Hakugeuka. Tulilifukia dimbwi pamoja, na miche ikakauka.